Bomba Unalishika kwa Mkono Upi?

Siku Penseli alipoingia katika karakana ya baba yake mkubwa, michoro kwapani, dada yake hakumwitikia shikamoo. Alikuwa ameketi kwenye benchi, anaviringisha bomba refu la chuma juu ya reli mbili, na kwenye ncha ya bomba donge la kioo lilikuwa jekundu kama kaa. Penseli alidhani hajasikika kwa mvumo wa tanuri, akarudia. Dada akainua macho, akampima kuanzia viatu hadi kichwani, akarudi kwenye donge lake.

"Amesikia," alisema mwanamume wa makamo aliyesimama kando ya benchi, gazeti lililoloweshwa maji mkononi. "Hata mimi mwanzoni nilidhani hasikii. Huu mwaka wa kumi na moja."

Huyo ndiye Koleo, msaidizi wa benchi, mtu wa maneno mengi aliyejipa kazi ya kusema yote ambayo tajiri wake wa benchi hayasemi. Na huyo dada, binti wa baba mkubwa, watu walimwita Chuma. Alishika bomba akiwa na miaka kumi na mitano, baada ya kaka zake wawili kulikimbia joto mmoja baada ya mwingine, na tangu hapo hakuliachia. Sasa alikuwa na thelathini na sita. Mikono yake, kutoka kiganjani hadi kiwiko, ilikuwa na makovu ya moto yaliyopandana kama viraka vya shati la kazi.

Penseli yeye alikuwa na ishirini na tatu, ametoka chuo cha sanaa na cheti chenye muhuri. Jina la Penseli alibandikwa na Koleo siku hiyohiyo, kwa sababu alikuwa nayo sikioni, na akizungumza aliipunga hewani kama mtu anayefukuza nzi.

Aliyemwita karakanani ni baba mkubwa mwenyewe. Kwa miaka mingi karakana ile iliishi kwa vifuniko vya taa na mitungi ya maua ya kawaida, kisha plastiki ikaingia mjini na wateja wakapungua. Mzee akakumbuka kwamba mdogo wake ana binti anayechora. Akatoa wazo ambalo yeye aliliona jepesi: Penseli achore vitu ambavyo havijawahi kuonekana, Chuma avipulize. Alilisema mbele ya wote wawili, akiwa amekunja mikono tumboni kwa kuridhika, kama aliyepatanisha maji na kiu.

Chuma aliomba kuona michoro. Penseli akaitandaza: mitungi yenye shingo mbili zinazoinamiana, kama watu wawili wanaosengenya wa tatu. Chuma aliitazama karatasi baada ya karatasi, akaifuta mikono yake kwenye suruali, akamwambia mzee, si Penseli, kwamba aliyechora vitu hivi hajui kwamba kioo kina uzito. Halafu akaenda kunywa maji.

Pamoja na hayo, alivifanya. Kwa miezi sita alivifanya, na miezi yote sita ilikuwa vita. Penseli alikuwa akisimama karibu na benchi na karatasi yake, akielekeza kushoto kidogo, chini kidogo, hapana, si hivyo. Kioo hakimngoji mtu; nukta chache nje ya tanuri kimeshaanza kukaza. Chuma hakuwa na nafasi ya kujibu, na aliponyamaza Penseli alidhani anatiiwa. Mitungi mingi iliporomoka. Mingine ilipasuka shingo ya pili ilipokuwa ikipachikwa. Chuma akawa anabadilisha vitu pole pole bila kumwambia mtu: bega akalinenepesha, shingo ya pili akaisogeza nusu kidole, kitako akakipanua. Mitungi ikaanza kusimama. Ilipofika minane, baba mkubwa akasema imetosha kwa maonyesho.

Penseli aliona mabadiliko yale. Alikuwa na jicho. Asingeweza kukosa kuyaona. Aliuweka mtungi kando ya mchoro wake, akaona pale mkono wa mwingine ulipopita, akaona pia kwamba mtungi ni mzuri kuliko mchoro. Akakunja karatasi, akakaa kimya.

Maonyesho yalifanyika ukumbini, chini ya jengo la benki, mchana wa Jumamosi. Mitungi ilipangwa juu ya meza nyeupe, kila mmoja na kadi yake ndogo, na kila kadi ina jina moja tu: la Penseli. Aliyezichapisha ni mtu wa benki, lakini aliyempelekea orodha ni Penseli. Alijiambia kwamba ndivyo inavyofanywa kila mahali. Mjenzi wa nyumba haandikwi ukutani.

Chuma alikuja na Koleo. Alikuwa amevaa gauni la mikono mirefu, la kijani, ambalo Penseli hakuwahi kujua kama analo. Alipita meza hadi meza. Alisoma kadi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akazisoma zote nane kana kwamba ya mwisho huenda ikawa na habari tofauti.

Wakati huo Penseli alikuwa amezungukwa na wageni. Mama mmoja, msimamizi wa hoteli iliyokuwa bado inajengwa, alimwuliza kitu kama hiki kinatengenezwaje. Penseli alikuwa na furaha, na furaha ina ulimi wake. Akasema kioo kinataka subira. Akasema, "Ukikipuliza kwa pupa kinakukimbia, mimi huwa nakisikiliza kwanza kabla ya kukipa pumzi."

Maneno hayo yalikuwa ya Chuma, neno kwa neno. Aliwahi kumwambia Koleo, na Penseli akayaokota.

"Samahani, msanii," ilisema sauti nyuma ya wageni, ya upole kabisa. "Bomba unalishika kwa mkono upi?"

Watu wakageuka. Penseli akamwona dada yake katika gauni la kijani. Alifungua mdomo. Alijaribu kuliona bomba akilini, mikono miwili juu yake, ule wa kuzungusha na ule wa kushika chombo, na katika miezi sita ya kusimama pale hakuwahi kuitazama mikono. Alikuwa akiitazama karatasi yake.

"Wa kulia," akasema.

"Wa kulia unafanya nini?"

Kijana mmoja akacheka puani. Mama wa hoteli akaangalia kikombe chake cha chai. Chuma akasema asante, akamshika Koleo mkono, wakatoka kwa mlango mkubwa.

Jumatatu Chuma alimwambia baba yake kwamba hatapuliza tena mchoro wa mtu. Angefanya taa, angefanya mitungi ya shingo moja, lakini karatasi isiletwe karibu na benchi lake. Mzee alikuwa na sauti juu ya kila mtu isipokuwa binti yake, kwa hiyo alikwenda kumlalamikia mdogo wake. Nyumbani kwa Penseli kikawaka. Baba yake alisema amemwaibisha mbele ya kaka yake. Mama yake alisema mbaya zaidi, kwa sababu alisema kidogo: alimwuliza kama kweli alisema "mimi huwa nakisikiliza," na aliposikia ndiyo, akaendelea kukunja nguo.

Katikati ya hayo mama wa hoteli akaleta oda: mitungi kumi na miwili ya shingo mbili, kwa ajili ya ukumbi wa hoteli ambayo ingefunguliwa baada ya miaka miwili. Hakuna aliyejua nani ataipuliza.

Penseli alirudi karakana. Isidhaniwe alikwenda kutubu. Alikwenda kwa hasira, meno yamebanana. Usiku na mchana alikuwa anamwona yule kijana aliyecheka. Alimwambia dada yake kwamba atajifunza mwenyewe, na kwamba hahitaji hisani ya mtu.

"Njoo," alisema Chuma. "Kukufundisha sikufundishi. Ila macho hayalipiwi kodi."

Alimpa kazi ya chupa. Nyuma ya karakana kulikuwa na lundo la chupa kuukuu zilizonunuliwa kwa magunia, ndizo zilizoyeyushwa. Kila moja ilitakiwa kung'olewa karatasi, kuondolewa pete ya bati shingoni, kuoshwa, kutengwa kwa rangi, kisha kuvunjwa ndani ya pipa. Miezi minne Penseli aliosha chupa. Vidole vilikatika, vikapona, vikakatika palepale. Siku moja alipitisha pete moja ya bati. Kesho yake kioo chote cha tanuri kilikuwa na vidoa vyeusi, na Chuma aliamuru kimwagwe chote, kisha akaenda kusimama mbele ya lundo la chupa, akamtazama Penseli akiosha, saa nzima, bila kusema neno. Penseli baadaye alisema angependelea kofi.

Koleo alimhurumia kwa namna yake. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alimwambia. "Sasa wewe unataka cha tanurini. Sijui nikushauri uingie miguu kwanza au kichwa."

Mwezi wa tano aliruhusiwa kuchota, saa ya mwisho ya kazi, baada ya Chuma kumaliza zake. Kuchota kioo ni kama kuchota asali kwa kijiti, ila asali hii inaunguza nyusi kutoka mbali, na ukiacha kukizungusha kijiti hata kidogo inadondoka. Ya Penseli ilidondoka. Ilidondoka juma zima. Aliungua kifundo cha mkono, akaungua paja kupitia suruali. Alipojifunza kuchota bila kudondosha, pumzi zikamshinda. Zilipotii, donge likawa linakwenda upande. Alitazama mikono ya dada yake sasa. Akajua kwamba wa kushoto ndio unaoviringisha, mbele na nyuma, haupumziki hata mwenye mkono anapopiga chafya, na wa kulia ndio unaoshika koleo na gazeti bichi na kukipa chombo umbo. Jibu la lile swali lilimjia akiwa peke yake mbele ya sinki, na likamuuma upya.

Sasa kuna jambo moja la kazi hii ambalo lazima lisemwe. Chombo cha kioo kikimalizika hakiachwi hivihivi. Kinaingizwa katika tanuri la pili, la kupozea, kipoe taratibu hadi kesho yake. Kikiachwa nje, kinapasuka chenyewe. Hakiguswi na mtu. Kinatoa mlio mdogo, kama jino linalovunjika, na kazi imekwisha.

Mlango wa tanuri la kupozea ulikuwa mikononi mwa Chuma. Na kwa mwaka mzima hakuufungua kwa ajili ya kazi ya Penseli hata mara moja. Kila jioni alichofanya Penseli kiliwekwa sakafuni, juu ya saruji, na wote watatu walikuwa wakivua aproni na kunawa huku wakisikiliza. Tii. Koleo akawa anakohoa makusudi ili kuufunika ule mlio.

Mitungi minane ile ya kwanza, mitatu ilinunuliwa na benki, minne ikachukuliwa na watu, mmoja ukabaki katika ofisi ya mzee, juu ya kabati la mafaili.

Siku ugomvi ulipolipuka ilikuwa ya kawaida, asubuhi ya joto. Chuma alikuwa amechelewa kuanza kwa sababu ya hitilafu ya kipulizio cha tanuri, na Penseli akapata nafasi. Alifanya gilasi ya maji. Hakuna zaidi: gilasi ya kunywea, ya ukuta mwembamba, mdomo sawasawa. Ilitoka. Koleo, aliyekuwa akimsaidia, aliacha maneno yake, na hilo peke yake lilikuwa ushahidi. Penseli akaibeba kwa koleo refu kuelekea tanuri la kupozea, ambalo mlango wake ulikuwa wazi. Chuma alikuwa amesimama pale. Akaitazama gilasi. Akausukuma mlango kwa mguu, ukafungika.

Penseli alisimama. Gilasi ilikuwa inapoteza wekundu wake kwenye koleo. Alimwomba dada yake afungue. Alimwomba mara ya pili kwa jina la baba zao. Chuma alisema mlango unafunguliwa kwa kazi, si kwa ukoo. Na gilasi ikapasuka hapohapo, hewani, kipande kimoja kikabaki kwenye koleo na kingine kikaanguka baina ya viatu vyao.

Penseli aliweka koleo chini kwa utaratibu wa ajabu. Akaingia ofisini. Alipotoka alikuwa ameukumbatia mtungi wa shingo mbili, na Koleo alipouona akasema, "Hapana, hapana, hapana," kama mtu anayemwita mtoto kutoka barabarani. Penseli akauinua, akaupiga sakafuni mbele ya miguu ya Chuma.

"Na huu ni wako," alisema. "Zangu zote umezivunja. Nikaona na wewe uusikie mlio."

Mzee alitoka mbio, akaona, akarudi ndani. Chuma hakusogea. Uso wake ulikuwa umepauka, na kwa mara ya kwanza Penseli alimwogopa kweli, kwa sababu bomba la moto lilikuwa karibu na mkono wake. Lakini Chuma alichuchumaa. Alipekua vigae kwa kidole, akachagua kimoja kikubwa, akainuka nacho.

"Hili ni bega," alisema. "Mchoro wako ulisema liwe jembamba kama ganda la yai. Mimi nimeweka unene wa kidole. Kwa nini?"

"Kwa sababu shingo ya pili inapachikwa ikiwa ya moto. Bega jembamba lingeporomoka."

"Umelijua lini hilo?"

Penseli alikuwa akitweta. Angeweza kusema amelijua juzi, kwa kutazama. Ingekuwa nusu ya kweli.

"Sababu nimeijua mwaka huu," akasema. "Kwamba umebadilisha, niliona siku ileile. Yote niliyaona. Na ukawa mzuri kuliko wangu."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Ukaandika jina."

"Nikaandika."

Chuma akakitupa kigae kwenye pipa. Akamwambia Koleo afagie. Akarudi kwenye benchi lake, akafanya vifuniko vitano vya taa, na siku nzima hakumtazama mtu. Saa ya mwisho ya kazi Penseli alichota tena, akafanya gilasi nyingine, mbaya, imelala upande kama mlevi. Alipogeuka akaona mlango wa tanuri la kupozea uko wazi na Chuma ameshaondoka.

Msomaji asitarajie kwamba baada ya hapo walipatana. Mwenye kovu usidhani amepoa. Kuanzia siku ile Chuma alimfundisha, lakini alimfundisha kama mtu anayelipiza. Alimkaripia mbele ya wateja. Alimfanya arudie shingo moja mara sabini. Penseli naye hakuwa malaika. Alijifunza kujibu, na kuna maneno alimwambia dada yake kuhusu kaka zake waliokimbia ambayo hakuna aliyepaswa kuyasema. Mama wa Penseli alipomwuliza kwa nini asiache tu, alisema hawezi kumwachia ushindi. Hakusema kwamba siku hizi akiamka anawaza kioo kabla ya kumwaza adui yake.

Mitungi ya hoteli aliipuliza yeye, miezi mitano, Koleo akimshikia bomba la pili. Alifanya arobaini ili apate kumi na miwili. Chuma alikagua kila mmoja. Ule wa tisa aliukataa kwa sababu ambayo Penseli aliiona ni ya chuki, na kesho yake ukapasuka kitako palepale Chuma alipokuwa amegusa. Kwenye kila mtungi Penseli alikwaruza jina lake chini, dogo.

Kabla hoteli haijafunguliwa alikwenda benki na kadi tatu mpya alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe: jina la Chuma kwanza, kwamba ndiye aliyepuliza, kisha lake, kwamba ndiye aliyechora. Mtu wa benki alisema kadi zimeshachapwa na hakuna aliyelalamika. Penseli alimjibu kwamba analalamika yeye. Alikaa kwenye kiti cha wateja tangu asubuhi hadi saa nane, akiwaeleza waliokaa karibu naye kisa kizima, pamoja na swali la mkono, hadi mtu wa benki akashuka mwenyewe akazibadilisha ili amwondoe pale.

Aliporudi alimwambia dada yake. Chuma alikuwa akisugua bomba.

"Umechelewa miaka miwili," alisema.

"Najua."

"Basi." Na akaendelea kusugua.

Mwezi uliofuata Chuma aliondoka. Alikuwa amepanga jengo lake mtaa wa pili kwa muda mrefu na hakumwambia yeyote, hata baba yake. Alikuja na mkokoteni, akachukua benchi, mabomba sita, makoleo yake na Koleo mtu, ambaye aliaga kwa kusema kwamba mke hufuata mume na msaidizi hufuata benchi. Baba mkubwa alikaa ofisini na mlango umefungwa. Mwishowe Chuma alichukua kata za mti, zile za duara ambazo donge la kioo huzungushiwa ndani yake likiwa bado bichi, kubwa na ndogo, zote saba, zimekuwa nyeusi kwa miaka ya moto na maji.

Penseli alimwomba amwachie moja. Tanuri linawaka, alisema, na kuna taa thelathini za Ijumaa.

"Chonga zako," alisema Chuma, akafunga kamba ya mkokoteni.

Penseli alimtazama akisukuma hadi kwenye kona, makovu yake yaking'aa kwa jasho, Koleo akishikilia benchi lisidondoke. Hawakuagana. Kisha Penseli alikwenda kwa seremala wa jirani, akaomba kipande cha mti mgumu kisicho na fundo. Seremala akataka kumchongea. Alikataa, akaazima patasi, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa mbele ya tanuri, akaanza kuchonga, mkono wa kushoto ukiuzungusha mti na wa kulia ukikata.